Raba Laini za Penina

Kila jioni, akishateka maji na kufagia uwanja, Penina alikwenda nyuma ya nyumba ya mama yake mdogo, Loisi, aliyekuwa akiishi naye pale Chamwino. Huko ndiko kulikokuwa na jim. Usifikirie jim ya vioo na viyoyozi. Ilikuwa sakafu ya saruji chini ya bati, na chuma chenyewe kilikuwa bomba la maji lililochomekwa kopo la zege kila upande.

Mamdogo Loisi alikuwa karani wa serikali, lakini ujanani alinyanyua vitu vizito jeshini, na sasa alifundisha watoto wa mtaa wake. Aliwaanzisha na mizigo myepesi na hakutaka mchezo kabisa. "Kisigino kikiinuka, na mimi nainuka," alizoea kusema. Watoto walijua kuwa akiinuka pale kwenye kigoda chake, mtu ananyang'anywa chuma.

Penina alikuwa darasa la saba. Alichokipenda zaidi ni kuweka chuma mabegani, kuchuchumaa taratibu, kisha kusimama nacho. Alivaa raba kuukuu za turubai zenye soli bapa, nyembamba na ngumu. Yotham, mwanafunzi mwenzake, hakuacha kumtania.

"Hizo raba zako zimeshastaafu, Penina. Bado kulipwa kiinua mgongo tu."

"Zako mpya, lakini chuma kinakushinda," Penina alimjibu, na wote wakacheka.

Jumamosi ile kulikuwa na mashindano ya vijana kwenye uwanja wa shule. Watakaofanya vizuri wangepelekwa Dodoma mjini kwa mafunzo ya likizo. Penina aliyatamani mafunzo hayo hadi akawa anayaota. Tena baba yake, mzee Matonya, mfugaji wa upande wa Mvumi, angekuja kumwona akinyanyua kwa mara ya kwanza.

Mzee Matonya alifika Alhamisi akitokea mnadani, mkononi ana mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na raba za mtumba, nyeupe, zenye soli nene kama kipande cha godoro. Maskini, alikuwa ameinama juu ya rundo la mitumba mnadani, akabonyeza soli moja baada ya nyingine kwa kidole gumba mpaka akapata iliyo laini kuliko zote. Yeye mwenyewe maisha yake yote alivaa katambuga, kandambili zilizokatwa kwenye tairi la gari, na alijua ugumu wake.

"Mtu anayebeba mzigo mzito akanyage kitu laini," alimwambia binti yake. Alimwita mama, kwa kuwa Penina alibeba jina la bibi yake mzaa baba. "Vaa, mama, nikuone."

Penina alivaa, akapiga magoti na kushukuru. Baba alitabasamu mpaka macho yakajifumba.

Kesho yake jioni alizijaribu jim. Alipochuchumaa tu, visigino vilididimia, vifundo vya miguu vikacheza, na magoti yakaingia ndani. Mamdogo aliinuka pale pale.

"Vua hizo. Ni nzuri, lakini ni za kukimbilia. Soli laini inabonyea ukiwa na mzigo, nawe unayumba. Wanyanyuaji wakubwa wana viatu vyao, kisigino kimeinuka kidogo na kigumu kama mbao. Sisi soli bapa na ngumu inatutosha. Kamwambie baba yako."

"Nitamwambia, Mamdogo."

Hakumwambia. Kwao zawadi ya mzazi huvaliwa mbele ya macho yake, na huko ndiko kushukuru. Usiku ule baba alipouliza raba zinaendaje, Penina aliangalia chini akasema, "Zinanifaa sana, baba. Hata Mamdogo amezisifu."

Jumamosi mzee Matonya alifika uwanjani mapema, akawaamkia watu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akakaa mstari wa mbele. Mamdogo Loisi alikuwa meza ya waamuzi, amezungukwa na watu, wala hakuona Penina amevaa nini. Kila mshindani alipewa nafasi tatu.

Jina la Penina likaitwa. Aliweka chuma mabegani, akashuka. Kifundo cha mguu wa kulia kikapinda kwa ndani, chuma kikalala upande, naye akaanguka chali. Bahati njema wasaidizi wawili walikidaka chuma kabla hakijamfikia shingoni.

Mzee Matonya na Mamdogo walifika kwa pamoja, wakihema.

"Penina, nilikuambia nini kuhusu raba hizi?" Mamdogo aliuliza.

Baba akageuka. "Si ulisema amezisifu?"

Penina alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yakamtoka. "Nilisema uongo, baba. Umenitafutia kwa upendo, nikaogopa utasikitika. Lakini zinabonyea. Ni kama kunyanyua ndoo ya maji umesimama kwenye mchanga wa korongo. Nguvu yote inaishia chini."

Mzee Matonya alizitazama zile soli nyeupe. Korongo alilijua vizuri, maana kila kiangazi walichimba maji humo, na kuipandisha ndoo kutoka mchangani kulimtoa jasho hata yeye.

"Kwa hiyo uliona heri uvunjike kuliko mimi nisikitike?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mamdogo alimkagua kifundo. Hakikuwa kimevimba, akamruhusu kuendelea. "Raba zako kuukuu ziko wapi?" baba aliuliza. Zilikuwa kwenye mfuko. Mzee akapiga goti mbele ya watu wote, akamvua binti yake zile nyeupe, akamvalisha za turubai na kuzifunga kamba mwenyewe. Watoto wengine walicheka kidogo, naye hakuwajali.

Safari hii Penina alipochuchumaa, aliisikia ardhi chini ya nyayo zake. Visigino vilitulia na magoti yakafuata njia yake. Akasimama na chuma chake, na nafasi ya tatu akakinyanyua tena, kikiwa kizito zaidi. Majina ya waliochaguliwa kwenda mjini yaliposomwa, lake lilikuwa la mwisho, lakini lilikuwemo.

Jioni walirudi nyumbani wote watatu, kwa miguu, polepole.

"Kila kazi ina kiatu chake," alisema Mamdogo. "Nyeupe utakimbilia asubuhi. Za chuma ni zile kuukuu."

"Hilo la viatu nimejifunza hata mimi," alisema mzee Matonya, akamwekea binti yake mkono begani. "Lako wewe ni hili, mama. Kumpenda mtu si kumficha ukweli. Leo ungeweza kuumia kwa sababu ya kunionea huruma. Nikikosea kwa kukupenda, uniambie. Nitasikitika kidogo tu, kisha nitakwenda kukutafutia nyingine."