Ngisi Waliong'aa Tunduma

Asubuhi ile foleni ya malori ilikuwa imepita hata stendi, na Osward Mbonile alikuwa amechoka kabla hajanywa chai. Kazi yake ya uwakala wa forodha ilimtaka ahangaikie mizigo ya watu mpaka ivuke boda kuingia Zambia, na mzigo wa siku hiyo ulikuwa na balaa. Lilikuwa gari la samaki wa barafu kutoka pwani. Mnunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya boda, alipochungulia ndani kwenye giza, alirudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Awe, mukwai," alikataa kwa Kibemba akitikisa kichwa. "Samaki wanawaka. Mimi sichukui."

Watu wakajaa. Wabadilisha fedha, wauza ndizi, wapagazi, kila mmoja na lake. Mmoja akasema samaki wamerogwa. Dereva, Mika, alikaa kwenye ngazi ya gari, mikono kichwani.

Hapo akajipenyeza mwanamke mwenye gauni la kijani lililokunjamana kwa safari, kilemba cha njano na raba zenye vumbi. Kwapani alibana mfuko wa vitenge. Alipanda ndani ya gari, akasema taratibu, "Nifungieni mlango kidogo."

Osward alimfuata, maana mzigo ulikuwa dhamana yake. Mlango ulipofungwa, baridi na harufu ya chumvi vikawakumba. Kisha akaona. Juu ya ngisi waliopangwa kwenye masanduku kulikuwa na mng'ao wa buluu, hafifu, kama jiko la gesi lililopunguzwa moto.

"Unaogopa, kaka?"

"Nimechoka mno, hata kuogopa siwezi."

Mwanamke akacheka gizani. "Ni bakteria wa baharini. Wanakaa juu ya ngisi na kutoa mwanga. Mwanga wenyewe haumdhuru mtu. Mkaguzi apime kama samaki hawajaharibika, basi. Ila naomba ngisi mmoja."

"Wenzako wanawakimbia, wewe unawaomba?"

"Nafanya kazi ya kuwatafuta, kaka yangu. Sikujua nitawakuta nimekuja kununua vitenge."

Aliitwa Tupokigwe, mzaliwa wa milima ya Ileje, mtafiti wa mkataba katika maabara moja ya chuo kule Mbeya. Mkaguzi alipima, samaki wakaonekana wazima, gari likavuka. Osward alibaki na namba ya simu ya yule dada, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisahau kuwa miguu inamuuma.

Zikaanza simu za jioni.

"Umekula, mama?"

"Bado. Nimewalisha wangu kwanza."

"Yaani bakteria wanakula kabla ya mchumba wangu?"

"Nani kakwambia mimi mchumba wako?" Kicheko chake kilikuwa kizito kwa uchovu. "Huyu bakteria mmoja niliyemtoa kwa ngisi wako ananisumbua. Nadhani hajulikani kabisa duniani."

"Unajuaje?"

"Namhoji kama mgeni aliyeingia kijijini. Anakula sukari ipi, anavumilia chumvi kiasi gani, joto likizidi anakufa au anaishi. Majibu yake yananipa shaka. Sasa nimetuma vinasaba vyake nje vikalinganishwe na vya jamaa zake. Vikitofautiana vya kutosha, basi ni spishi mpya, na jina nampa mimi."

"Utampa la nani?"

"La mtu mmoja anayenipigia simu huku anasinzia."

Mwisho wa wiki Tupokigwe alishuka Tunduma kwa shangazi yake, Loisi, yeye na Osward wakakaa barazani wakila kumbikumbi wa kukaanga, wakiongea kidogo na kunyamaza sana. Wote wawili walikuwa watu waliochoshwa na kazi, na kila mmoja alipata nafuu kukaa na asiyemdai uchangamfu.

Msimu wa kahawa ulipofika, Osward aliamua kumposa. Jumapili moja baada ya ibada alivaa shati jeupe lililonyooshwa, akapaka viatu rangi, akaenda kwa shangazi Loisi. Alipofika uani, alisikia sauti ya Tupokigwe dirishani, akiongea na simu.

"Hapana, Anna. Nilidhani nimepata mpya, kumbe ni yule yule wa zamani. Muda wote huu nimejidanganya." Akasikiliza upande wa pili. "Sina nguvu tena. Namwacha. Acha niumie sasa kuliko baadaye."

Osward hakubisha hodi. Aligeuka na viatu vyake vinavyong'aa, akarudi njia aliyojia.

Tangu siku hiyo, Tupokigwe akipiga, Osward alijibu kwa mkato. "Niko bize na magari." Mara nyingine hakupokea kabisa. Alichukua kazi za upande wa Nakonde ili asionekane. Alikula hovyo, akanyoa ndevu akikumbuka. Alijiambia kwamba mwanamke msomi amempima, amemkuta wa kawaida, na yeye hatamlaumu.

Tupokigwe alimfuma ofisini mchana mmoja wa vumbi, begi la safari begani, macho yamevimba.

"Nimekuja kuaga. Mkataba umeisha. Naenda Dar kutafuta kingine."

"Safari njema."

"Ndiyo hilo tu, Osward?"

Akaweka kalamu chini. "Mwenyewe ulisema. Nilikuwa uani. Ulidhani umepata mpya, kumbe ni yule yule, unamwacha."

Tupokigwe alitua begi. Akavuta kiti akaketi.

"Yule ni bakteria, Osward. Majibu ya vinasaba yalikuja siku ile. Anafanana mno na mwingine ambaye ana jina tayari. Si spishi mpya. Ni yule yule."

Osward akasukuma karatasi pembeni. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Kazi yangu yote iliishia palepale," aliendelea, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. "Anna mwenzangu wa maabara ndiye aliyenipa majibu. Nilipokata simu nilikupigia wewe. Hukupokea. Nikapiga tena. Ulinijibu uko bize na magari."

"Nisamehe, mama. Nilisikia nusu, nikajazia nusu iliyobaki."

"Na hukuja kuuliza."

"Sikuja. Niliogopa jibu."

Nje lori lilipiga honi. Tupokigwe alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Bado nina hasira na wewe. Ila nimechoka kukaa nayo."

Osward alifunga ofisi, akabeba begi la Tupokigwe. Stendi alikata tiketi ya pembeni yake, akisema atashuka Mlowo na kushika gari la Itaka kwa baba yake. Basi lilipopita Vwawa, Tupokigwe alikuwa amemwegemea, amefumba macho, hajalala.

"Dar utaanzia wapi?"

"Mwanzo. Nachota maji ya bahari, naotesha, natafuta anayeng'aa."

"Ukimpata, nipigie. Nitapokea."

"Tutaona."

Kondakta akaita Mlowo. Osward alisimama, akainama sikioni kwake.

"Naenda kwa baba kuomba wazee waende Ileje kukuposa. Nimwambie nini?"

Tupokigwe hakufumbua macho. Alimshika mkono, akauminya kwa nguvu.

"Mwambie nimekubali," alisema. "Ila wasiende wiki hii. Wiki hii nataka kulala."