Miche Iliyowekwa Karibu na Mbabula

Kila asubuhi Amisa alifagia uwanja wa nyumba yao, akachota maji, kisha akaenda barazani kuchungulia miche ya parachichi. Ilikuwa imeletwa kwa lori juzijuzi, bado imo ndani ya mifuko yake myeusi. Mama yake, Khadija, alikuwa ameitamani kwa miaka mingi, na sasa yuko Lubumbashi akimuuguza shangazi. Amisa ndiye aliyeng'ang'ania kuachiwa kazi ya kuitunza.

"Usiyipande mbio," mama alikuwa amemwonya. "Asubuhi maji kidogo, mangaribi unayifunika na gunia. Ni vile tu."

Vile tu! Lakini baridi ya mwezi wa saba huko Likasi haina mchezo, na Amisa hakutulia hata kidogo. Alifunika, akafunua, akagusa majani, akafunika tena. Jioni moja, akiota moto jikoni, aliingiwa na huruma. Kwa nini yeye apate joto na miche itetemeke nje? Akaiingiza ndani, akaipanga kuizunguka mbabula, lile jiko lao la makaa. Kesho yake akarudia.

Asubuhi iliyofuata majani yalikuwa yamekauka kingoni na kujikunja. Amisa alikimbia kuazima simu kwa jirani yao Martine, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Allô, mama! Baridi imechoma majani!"

"Ya Allah! Bon, usimwage maji hata kidogo. Udongo ya baridi ikilowa, mizizi itaoza. Funika tu."

Amisa alirudisha simu, akaondoka, akarudi, akasimama mlangoni, akaondoka tena. Udongo ule wa mifukoni ulikuwa mkavu kama majivu. Miche ilikuwa inakufa kwa kiu, na mama amekataza maji kwa sababu ya uongo wake wa baridi: hakuthubutu kuitaja mbabula.

"Weye, uko unatafuta nini?" Martine akamuuliza.

"Simu tena, Yaya. Tafazali."

Safari hii alisema kweli. "Mama, haiko baridi. Ni miye. Niliyiweka pembeni ya mbabula."

"Itoe jikoni sasa hivi. Mwaga maji pole pole, ishuke mpaka chini. Weka kwenye kivuli, na uache kuyigusagusa!"

Mama aliporudi, mche mmoja ulikuwa umekufa. Mingine ilikuwa imeinua majani. Amisa alingoja makofi, lakini mama alimkalisha karibu naye.

"Mambo ya mbabula nakusamehe, ulifanya na roho muzuri. Lakini kama unanificha ugonjwa, nitakupatia dawa ya ugonjwa ingine. Ungenyamaza, mwanangu, ningeua miti yangu na mdomo yangu mwenyewe."