Vigaga Masikioni

Fundi godoro alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Asubuhi alichambua pamba. Mchana alishona. Jioni alifagia mabaki. Pamba huvuta panya, na panya mmoja anaweza kutoboa godoro kabla mwenyewe hajalilalia. Kwa hiyo paka wa nyumba ile hawakuwa pambo, walikuwa wafanyakazi. Walikuwa wawili: Bi Mkubwa, jike jeupe lenye madoa, na mwanawe, Majivu.

Bi Mkubwa alikuwa wa binti wa fundi, mtoto wa miaka tisa. Paka huyo alilala miguuni pake.

Siku moja binti alisema, "Baba, sikio la Bi Mkubwa lina unga."

"Ni vumbi la pamba hilo," fundi alijibu, bila kuinua macho.

Halikuwa vumbi. Baada ya wiki mbili manyoya yalikuwa yamenyonyoka masikioni. Vigaga vya kijivu, vigumu, vilishuka mpaka kwenye paji la uso. Paka alijikuna mpaka damu ikatoka. Mteja mmoja alimwona, akasema atarudi kesho. Hakurudi. Kisha binti naye akaanza kujikuna tumboni na mikononi.

"Tumpeleke kwa daktari wa mifugo," mke wa fundi alisema.

"Nibebe paka barabarani kama mgonjwa? Watu watatucheka. Hawa ni viroboto tu."

Fundi alikwenda kwa jirani, muuza maziwa, akaomba dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alirudi na chupa nusu.

"Hii inaua kupe wa ng'ombe," alimwambia mkewe. "Kiroboto ataponea wapi? Dawa ya moto ni moto."

Alimwogesha Bi Mkubwa asubuhi, binti akiwa shuleni. Paka aliingia chini ya meza ya kushonea, akaanza kujilamba ajikaushe. Kufika adhuhuri alikuwa anatoka mate. Kisha akatetemeka. Kisha miguu ya nyuma ikakataa kusimama. Fundi alimmwagia maji, akampa maziwa. Hayakusaidia kitu.

Binti alirudi akamkuta hivyo. Alikaa sakafuni na sare yake ya shule, akampakata. Bi Mkubwa alikufa kabla jua halijazama.

"Ulimpaka nini?" binti aliuliza.

Fundi alimwambia.

Kuanzia siku ile binti hakumsemesha tena baba yake. Akitaka kitu, alimwambia mama. Fundi akimwita, alikuja, akasimama, akatazama ukuta.

Baada ya siku nne, Majivu alianza kujikuna. Fundi alimshika, akakunjua sikio lake. Pembeni palikuwa na unga mweupe. Safari hii hakwenda kwa muuza maziwa. Alimtia Majivu kwenye kikapu chenye kifuniko, akapita nacho barabarani mchana kweupe. Aliyetaka kucheka na acheke.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mwenye viatu vya mpira vyenye matope. Fundi alimweleza yote, hata habari ya Bi Mkubwa.

"Paka hujilamba mwili mzima," daktari alisema. "Unachompaka mgongoni kitafika tumboni."

Alikwangua kidogo pembeni ya sikio la Majivu, akaweka ule ukwangu juu ya kioo, akatazama kwa hadubini. Kisha akampisha fundi. Fundi aliona mdudu wa duara, mwenye miguu mifupi, akijivuta.

"Huyo si kiroboto," daktari alisema. "Kiroboto unamwona kwa macho, anaruka. Huacha vijichembe vyeusi kwenye manyoya. Ukiviweka kwenye karatasi nyeupe iliyolowa, vinatoa wekundu, maana ni damu. Huyu huwezi kumwona. Anachimba ndani ya ngozi. Huanzia masikioni, akaenda usoni, shingoni, mpaka miguuni. Na paka mmoja humwambukiza mwenzake."

"Na binti yangu? Anajikuna."

"Ni huyo huyo. Lakini kwa binadamu hadumu muda mrefu. Paka akipona, muwasho wa mtoto nao huisha. Usipoisha, mpeleke zahanati."

Daktari alimpima Majivu uzito. Akatenganisha manyoya nyuma ya shingo, mahali ulimi haufiki, akadondosha dawa kwenye ngozi. Alimpa fundi kichupa cha pili, akitumie baada ya mwezi mmoja.

"Paka wote wanaoishi pamoja hutibiwa pamoja, hata asiyejikuna. Vitambaa wanavyolalia vifueni kwa maji ya moto, mvianike juani. Usimpake mafuta ya taa. Usimpake dawa ya ng'ombe, wala ya mbwa. Dawa nyingine za mbwa humuua paka."

Fundi alifunga kikapu. Hakuondoka.

"Yule mwingine, ningemleta mapema?"

"Angepona," daktari alisema.

Jioni ile fundi aliwaita mkewe na binti. Aliwaeleza kila kitu, akamalizia: "Daktari amesema Bi Mkubwa angepona. Kosa ni langu." Mama alimshika binti begani. Binti aliondoka chumbani.

Walichemsha maji, wakafua mashuka na vitambaa vyote. Fundi alichoma mabaki ya pamba aliyolalia Bi Mkubwa. Wiki ya tatu vigaga vya Majivu vilidondoka, na vinyweleo vipya vikachomoza. Binti naye aliacha kujikuna.

Siku ya dawa ya pili, fundi alimwita mkewe amsaidie kumshika paka. Aliyekuja ni binti.

"Nionyeshe hicho kichupa," alisema.

Fundi alimpa. Binti alisoma maandishi polepole, neno kwa neno, kidole chini ya kila herufi.

"Ni ya paka," alisema. "Majivu ana kilo ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Unaweka wapi?"

"Nyuma ya shingo. Asipofika kulamba."

Binti alimtazama baba yake usoni. Kisha akapiga magoti, akamshika Majivu kwa mikono miwili.

"Haya, Baba," alisema. "Weka."