Maji Ndani ya Kikasha Kikavu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, ubao kwenye lango la Mto wa Radi, mchezo wa maboti katika bustani ya michezo, ulionyesha kwamba aliyekuwa mwisho wa foleni angesubiri dakika thelathini na tano. Chini ya ubao huo Yarelis alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akipanga vitu vya watu watatu katika mifuko ya plastiki yenye zipu.

Hiyo ilikuwa kazi yake kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Yeye na jamaa zake wawili walikaa Kissimmee, mji wa Florida, dakika ishirini na tano kwa gari kutoka kwenye bustani ile ya michezo, na tiketi zao zilikuwa za mwaka mzima. Shangazi Nereida, fundi wa viyoyozi, aliendesha gari. Mwanawe Joniel, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alibeba mkoba wa baridi wenye chupa mbili za maji zilizogandishwa usiku kucha. Yarelis, mwenye miaka kumi na miwili, alihakikisha kwamba hakuna kinacholowa.

"Soksi?" aliuliza.

"Zimo," alijibu shangazi yake, ambaye tayari alikuwa amevaa koti la mvua la plastiki.

"Simu?"

"Imo. Ufunguo wa gari nitakaa nao mwenyewe, mfuko wangu una zipu."

"Joniel, viatu?"

"Mimi sipandi." Joniel aliinua mguu ili kiatu chake cheupe kionekane vizuri. "Hivi vina siku nne tu. Nyinyi nendeni mkaoge, mimi nitawapungia mkono kutoka darajani."

"Sema tu unaogopa."

"Naogopa kusugua viatu kwa mswaki, ndiyo."

Shangazi Nereida aliyatazama makabati ya kukodi yaliyopangwa ukutani. "Tungechukua kabati moja, vitu vyote vikae humo."

"Joniel yupo," alisema Yarelis. "Kabati la nini tena?"

Kitu cha mwisho kilikuwa muhimu kuliko vyote. Yarelis alivua vifaa vyake viwili vya kusikia, kimoja kila sikio, na kelele za foleni zikapungua hadi kuwa mngurumo wa mbali. Alivilaza ndani ya kikasha kigumu, akakifunga, akakitia kwenye mfuko wa zipu, akaukamua hewa na kupitisha kidole juu ya zipu mara mbili. Hakuwa na nafasi ya kukosea. Kifaa cha kwanza cha sikio la kushoto kilitafunwa na mbwa wa jirani mwezi wa Februari, na watengenezaji walitoa kingine kwa masharti kwamba hawatatoa tena. Kikiharibika hiki, hospitali ilisema, kupata kingine kungechukua miezi mitatu. Kwa miezi yote hiyo angekaa darasani na sikio moja.

Aliwaza pa kukiweka. Mfuko wa nje wa mkoba ulikuwa juani, na daktari alikuwa amemwonya kwamba joto huua betri. Kwa hiyo alifungua mkoba wa baridi na kukisukuma kikasha katikati ya zile chupa mbili za barafu. Alifunga mkoba, akamkabidhi Joniel na kumwonyesha kidole: usiufungue.

Joniel alisema kitu. Yarelis aliona midomo tu, na hakupenda jinsi ilivyojikunja mwishoni.

Boti lao lilikuwa boya kubwa la duara lenye viti vinane. Bila vifaa vyake, Yarelis alisafiri katika ukimya wa ajabu, maji yakimpiga usoni bila sauti. Walipokaribia daraja, alimtafuta Joniel na kumwona. Mkoba ulikuwa kifuani pake. Zipu ilikuwa wazi, na mkono wake mmoja ulikuwa ndani. Kando yake alisimama mvulana asiyemfahamu, na wote wawili walikuwa wakicheka. Kisha Joniel akanyoosha kidole kuelekea chini, upande wa boti.

Wanamcheka nani? Yarelis alijiuliza swali hilo na hapohapo akalijibu. Boti likapita chini ya maporomoko, na alipofumbua macho daraja lilikuwa nyuma yao.

Saa tano na dakika tatu walitoka. Shangazi Nereida alikwenda chooni kubadilisha nguo. Yarelis alimfuata Joniel moja kwa moja, akauchukua mkoba bila salamu na kukifungua kikasha. Alivimimina vifaa kwenye kiganja chake. Vilikuwa baridi kama kijiko kilichotoka kwenye aiskrimu. Lakini alipoinua macho kumtazama Joniel aliona jambo jingine: shati la binamu yake lilikuwa limelowa kifuani, doa kubwa jeusi, wakati mikono na nywele zake zilikuwa kavu. Alilitazama doa lile kwa muda mrefu. Kisha akavaa vifaa vyake.

Cha kulia kilikwaruza, kikawaka. Cha kushoto kilikaa kimya.

Alikivua akakielekeza kwenye mwanga. Ndani ya mrija mwembamba wa plastiki kulikuwa na tone la maji.

"Umekifungua," alisema.

"Nimefungua nini?"

"Kikasha. Umekifungua, umekimwagia maji."

"Mimi?" Joniel alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini. "Yare, mimi nilitoa chipsi zangu tu mkobani. Tena akaja yule ndege mweupe mwenye mdomo mrefu akaninyang'anya pakiti nzima, akakimbilia chini ya daraja. Muulize yule kijana, alicheka mpaka akakaa chini."

"Yuko wapi huyo kijana?"

Joniel aligeuka huku na huku. "Ameondoka."

"Ameondoka. Na shati lako? Limelowaje, na wewe hukupanda?"

Joniel alijitazama kifuani kana kwamba alikuwa akiliona doa lile kwa mara ya kwanza. "Sijui," alisema.

Neno hilo lilimtosha Yarelis. Hatua thelathini kutoka pale kulikuwa na dawati la huduma, na nyuma yake alikaa mama mmoja mwenye miwani aliyeitwa Bi Odalys. Bi Odalys alitoa fomu, akaandika tarehe, saa na kitu kilichoharibika. Kisha akauliza, "Unajua ilivyotokea?"

"Joniel Barreto alikifungua na kukilowesha," alisema Yarelis. Kalamu ikaandika hivyo hivyo.

Joniel alikuwa nyuma yake. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Shangazi Nereida aliwakuta hapo. Aliwatazama mmoja mmoja, akaomba karatasi, akaisoma hadi mwisho.

"Yarelis, hapa pameandikwa kwamba Joniel alikifungua kikasha. Ulimwona?"

"Shati lake limelowa, Shangazi. Na mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, nilimwona kutoka kwenye boti."

"Hayo mawili nimeyasikia. Nakuuliza la tatu. Ulimwona akifungua kikasha?"

"Hapana. Lakini nani mwingine?"

"Mama," alisema Joniel, "naapa—"

"Wewe usiape. Simtetei mtu kwa sababu ni mwanangu, wala simhukumu mtu kwa sababu ya shati." Aliuchukua mkoba na kuubana kwenye kifua cha Joniel. Ulilifunika doa lote, pembe kwa pembe. Kisha akaupapasa kwa nje na kuonyesha vidole vyake: vilikuwa vimelowa. "Na kikasha kilikuwa wapi?"

"Kwenye mfuko wa zipu. Nilikagua zipu mara mbili."

"Na mfuko?"

Yarelis alisita. "Katikati ya chupa za barafu. Kwa sababu ya joto."

Shangazi Nereida alitoa ufunguo wa gari, akaukausha vizuri kwa leso, akampa Bi Odalys aushike na kuukagua. "Mkavu?"

"Mkavu," alisema Bi Odalys.

Aliutia ufunguo katika mfuko mpya wa zipu, akaufunga, akauweka katikati ya chupa na kufunga mkoba. Mkoba aliuacha juu ya dawati, mbele ya macho ya wote. "Bi Odalys, tafadhali tuangalizie saa. Dakika kumi na tano. Asiguse mtu."

Zilikuwa dakika ndefu. Joniel alikaa upande mmoja wa benchi na Yarelis upande wa pili. Yarelis hakuuondolea macho mkoba, maana bado alidhani binamu yake angejaribu jambo. Alitaka ufunguo utoke mkavu. Alilijua hilo, na hakujisikia vizuri kulijua.

"Muda umefika," alisema Bi Odalys.

Shangazi Nereida alifungua mkoba, akafungua mfuko, akauweka ufunguo juu ya dawati. Ulikuwa mkavu kabisa.

"Umeona!" alisema Yarelis.

Joniel alifunika uso kwa viganja.

"Subirini," alisema shangazi. "Utazameni ufunguo, msinitazame mimi."

Kwanza chuma kilififia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha weupe ule ukakusanyika kuwa nukta, na nukta zikawa matone. Kabla dakika moja haijaisha, tone moja liliteleza kwenye meno ya ufunguo na kuanguka juu ya fomu. Tangu uwekwe pale hakuna aliyekuwa ameugusa.

"Maji yametoka wapi?" aliuliza Yarelis kwa sauti ndogo.

"Hewani. Hewa hii tunayovuta hapa Florida mwezi wa Julai imejaa mvuke. Ikigusa kitu cha baridi, mvuke unageuka maji. Mimi kila siku namwaga ndoo za maji hayo kwenye viyoyozi vya watu. Ndiyo maana mkoba unatoka jasho, na ndiyo maana shati la anayeubeba linalowa. Na wewe, ulipofungua kikasha, vifaa vilikuwaje mkononi?"

Yarelis alikumbuka. "Baridi sana."

"Ulivivaa papo hapo?"

"Hapana. Nilivishika. Nilikuwa naangalia shati."

"Na ndani ya mrija tayari kulikuwa na jasho la sikio lako. Huko kwenye fomu sikuona neno baridi. Mbona hukulisema?"

Yarelis alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu shangazi yake hakuwa mtu wa kupewa jibu la haraka. "Niliona halihusiani," alisema. Kisha akaongeza, "Halikumhusu Joniel."

Bi Odalys alisukuma fomu mbele bila kuulizwa. Yarelis alichukua kalamu na kuipiga mstari ile sentensi yenye jina la binamu yake. Chini yake aliandika: *Nilikiweka mwenyewe kwenye barafu. Hakuna aliyekifungua isipokuwa mimi.* Akatia sahihi.

"Utaniambia na mimi," alisema Joniel kutoka kwenye benchi, "au umeshaiambia karatasi inatosha?"

Yarelis alimgeukia. Ilikuwa vigumu kuliko kuandika. "Nimekusingizia, Joniel. Mbele ya watu. Nilikuona unacheka, nikaamua unanicheka mimi. Nisamehe."

"Nilikuwa namcheka ndege. Alipita na pakiti yangu karibu na boti lenu, nilitaka umwone."

"Sikujua."

"Ungeuliza." Alipangusa pua. "Haya, basi. Lakini kuanzia sasa mkoba utaubeba wewe. Mimi nimechoka kutoka jasho kifuani kama kiyoyozi."

Shangazi Nereida alitoa betri kwenye kifaa cha kushoto, akauacha mlango wa betri wazi na kukifunga ndani ya leso kavu. Hakukipeperusha wala hakukiweka juani. Walipokuwa wakitembea kuelekea maegesho, alizungumza bila kupandisha sauti.

"Kifaa kikavu kinataka mahali pakavu, si mahali pa baridi. Wakati ujao tutakodi kabati, na kikasha kitakaa humo kwenye joto la kawaida. Hilo ni kosa dogo, mtu yeyote angelifanya, nia yako ilikuwa kukilinda. Kosa kubwa ni lile la kwenye karatasi. Maji uliyaona, hayo ni kweli. Shati uliliona. Mtu hukumwona, ila ulipokosa jibu ulijaza jina lake. Ukifika mahali hujui, sema hujui, kisha uchunguze. Joniel alisema 'sijui', na katika maneno yote yaliyosemwa leo asubuhi lile ndilo lilikuwa sahihi."

"Je, kama hakitapona?" aliuliza Yarelis.

"Sijui," alisema shangazi yake.

Nyumbani kifaa kiliwekwa kwenye kopo la chembe za kunyonya unyevu, na kopo likafungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua mpaka kesho yake.

Jumapili, saa mbili na dakika tano asubuhi, Yarelis alikitoa. Mrija ulikuwa safi. Alitia betri mpya, akafunga mlango wake, akakivaa na kuziba sikio la kulia kwa kiganja. Kilipiga milio minne mifupi, ishara kwamba kimewaka. Kisha, kutoka jikoni, alimsikia Joniel akimuuliza mama yake kama kulikuwa na ndizi za kukaanga zilizobaki.