Siku Nne za Mama Cresensia

Kila asubuhi ya likizo ile ya mwezi wa sita, Emerensiana alitoka nyumbani kwa shangazi yake, mtaa wa Mahongole mjini Makambako, kabla jua halijachomoza. Alivaa sweta mbili na kofia ya sufu iliyomfunika masikio, na daftari lake alilitia kwenye mfuko wa nailoni ili ukungu usililoweshe. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wa kidato cha pili mjini Njombe, na kwao kulikuwa Mjimwema, huko huko Njombe. Makambako alikuja kwa kazi moja tu.

Klabu ya sayansi ya shule yao ilikuwa imemtuma yeye na mwenzake, Sila, wakajifunze kazi kwa wiki nne katika ukumbi wa mazoezi wa Kocha Fredy, ambao watu wote waliuita jimu. Walitakiwa kuchunguza jambo moja: je, mazoezi hupunguza msongo wa mawazo? Sila alipewa watu wa jioni. Emerensiana alipewa wa asubuhi, watu saba. Kila mmoja alipofika, Emerensiana alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kisha akamwuliza, "Leo mawazo yako ni mangapi, kuanzia moja mpaka kumi?" Mazoezi yakiisha, alipima tena na kuuliza tena.

"Asiyekuja, mwandikeni kwamba hakuja," Kocha Fredy aliwaambia siku ya kwanza. "Kila jioni nayapitia madaftari yenu. Mtu akikosa siku mbili mfululizo nampigia simu, maana wengine hapa wametumwa na daktari. Hawakufuata misuli."

Miongoni mwa watu saba wa asubuhi alikuwamo Mama Cresensia, mama wa makamo aliyeuza viazi sokoni. Mumewe alifariki mwezi wa pili. Tangu hapo usingizi ulimpaa, presha ikapanda, na daktari akamwambia ameze dawa na afanye mazoezi. Binti yake wa pekee, Lightness, aliolewa kijijini Matembwe, kwa hiyo mama huyu aliishi peke yake. Alikuja jimu amefunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, akapanda baiskeli ya kukanyagia papo hapo, akawa anakanyaga huku akiimba polepole nyimbo za kanisani.

"Kamwene, daktari wangu," alimsalimia Emerensiana kwa Kibena, akimpa mkono apimwe.

"Kamwene, mama. Mawazo leo?"

"Tisa, mwanangu. Nisikufiche."

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Ijumaa ya wiki ile ile alisema saba, akacheka kidogo, na Emerensiana akajisikia kana kwamba ile saba ameileta yeye.

Jumatatu ya wiki ya pili baridi ilikuja na upepo mkali. Shangazi Angela alimwamsha Emerensiana, naye akaitika "Naam, nimeamka," kisha akavuta blanketi hadi puani. Alipofumbua macho tena, jua lilikuwa limekwisha kuingia dirishani. Alikimbia njia nzima. Alipofika jimu, mabenchi yalikuwa matupu na watu wake wote walikuwa wameondoka.

Kocha Fredy hakuwapo pia. Kila asubuhi, akishafungua mlango, aliwatoa vijana kwenda kukimbia barabarani, na wale saba walijifanyia mazoezi wenyewe kama alivyowafundisha. Kwa hiyo Kocha hakujua kwamba mpimaji alichelewa.

Emerensiana aliketi na kulifungua daftari. Mistari saba mitupu ilimtazama. Alifunua ukurasa wa Ijumaa, akaangalia namba za kila mtu, akazipunguza kidogo hapa na kuziongeza kidogo pale. Alipofika kwa Mama Cresensia aliandika mapigo themanini na nane, mawazo sita. Kazi yote haikuchukua hata dakika kumi.

Jumanne alichelewa tena, na safari hii hakukimbia.

Jumatano aliamka mapema. Dhamiri ilikuwa imeanza kumsumbua, akajiambia kwamba leo ataanza upya na hataandika tena uongo. Alipima watu sita. Wa saba hakuonekana.

"Mama Cresensia yuko wapi leo?" alimwuliza Mzee Hezekia, dereva mstaafu wa malori, aliyekuwa akijifuta jasho.

"Leo tu? Huyu mama sijamwona tangu Jumatatu, binti yangu. Wewe si ndiye mwenye daftari?"

Emerensiana alirudi mezani, akaishika kalamu. Akiandika kwamba hakuja, kesho huenda mama yule akakosa tena, na Kocha angepiga simu. Mama Cresensia angesema, "Mimi sijafika tangu Jumatatu." Kocha angelifungua daftari na kukuta mtu ambaye hakuja amepimwa mapigo ya moyo. Kalamu ilisimama muda mrefu juu ya karatasi. Mwishowe akaandika themanini na nne, mawazo tano.

Alhamisi Mama Cresensia hakuja tena. Emerensiana akaandika themanini na mbili, mawazo manne.

Adhuhuri siku hiyo Sila alikuja kulinganisha daftari lake na la mwenzake. La kwake lilijaa maneno "hakuja" na namba zilizopanda na kushuka ovyo.

"Lako halina hata pengo moja!" alisema Sila kwa wivu. "Watu wangu wananiangusha. Wewe unawafanyaje?"

"Watu wa asubuhi wanajituma," Emerensiana alijibu bila kumtazama.

Kocha Fredy naye alilichukua lile daftari, akachora mstari wa Mama Cresensia kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Mstari ulishuka vizuri kutoka tisa hadi nne. "Mnaona?" alisema kwa furaha. "Huyu mama ndiye nilikuwa na hofu naye kuliko wote. Emerensiana, umefanya kazi ya mtu mzima." Emerensiana alitabasamu, lakini hakuitazama ile karatasi.

Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaanza mazoezi, mwanamke kijana aliingia. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu na macho yake yalivimba kama ya mtu ambaye hakulala.

"Samahani, Kocha ni nani hapa?"

"Ni mimi, dada. Karibu."

"Naitwa Lightness, binti wa Mama Cresensia. Nilimpigia mama jana asubuhi, simu ikaita bila kupokelewa. Nikapanda gari kutoka Matembwe. Nilimkuta amelala chini sakafuni, hawezi kusimama. Yuko hospitali." Aliwatazama wote waliokuwamo. "Mama alikuwa anajivunia sana kwamba hapa mtu akikosa siku mbili anapigiwa simu. Mbona yeye hamkumpigia? Ameugua tangu Jumatatu!"

Kocha Fredy alishangaa. "Tangu Jumatatu? Dada, mama alikuja jana. Nimeona mwenyewe kwenye daftari." Alilichukua mezani, akalifungua na kumwonyesha. "Hapa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Amepimwa siku zote nne."

Lightness aliusoma ule ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari. Mzee Hezekia alikohoa, akatazama pembeni. Kocha Fredy akainua uso taratibu, akamgeukia Emerensiana.

"Emerensiana. Jana Mama Cresensia alikuja?"

"Labda... labda nilichanganya na mama mwingine, Kocha."

"Siku nne?" aliuliza Lightness. Hakupaza sauti. Pengine angepaza, ingekuwa nafuu.

Kocha alilifunga daftari. "Nenda nyumbani," alisema. "Ukiwa tayari kuniambia kweli, utanikuta hapa hapa."

Emerensiana hakukumbuka alipita njia gani kurudi Mahongole. Kila mwanamke aliyemwona amefunga kitenge alimfanya ashtuke. Alijaribu kujitetea moyoni: yeye hakumfanya mtu augue, yeye hakumwangusha mtu. Lakini namba zile zilimrudia moja moja: themanini na nane, themanini na nne, themanini na mbili. Wakati akiziandika, yule mama alikuwa amelala peke yake.

Shangazi Angela alikuwa uani akimenya viazi. Alipomwona, aliweka kisu chini. "Umerudi mapema. Unaumwa?"

Emerensiana alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi kama yale mengine yote. Badala yake alichuchumaa karibu na beseni, akalia, na katika kulia akaeleza yote tangu blanketi la Jumatatu mpaka "labda nilichanganya." Shangazi alimsikiliza bila kumkatisha. Hakumfokea, na hakumwambia anyamaze.

"Umemaliza?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, shangazi."

"Nawa uso. Twende hospitali."

"Shangazi, naogopa."

"Najua. Ungekuwa huogopi ningekuogopa mimi."

Walimkuta Mama Cresensia kitandani, amejifunika mablanketi mawili, uso wake umekonda kwa siku chache tu. Lightness aliketi pembeni na bakuli la uji. Alipomwona Emerensiana alitaka kusimama, lakini mama yake alimshika mkono.

"Shikamoo, mama," alisema Emerensiana. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, sasa yote yalimpotea. "Mimi niliandika kwamba umekuja. Jumatatu na Jumanne nilichelewa, nikatunga. Jumatano nikajua hukuja, na bado nikaandika. Niliogopa nisikamatwe. Kocha hakukupigia kwa sababu yangu. Wala sikuchanganya na mama mwingine."

Mama Cresensia aliangalia dari.

"Dawa ziliniishia Jumapili," alisema. "Jumatatu kichwa kilikuwa kizito, nikashindwa kwenda kuzinunua. Lakini si kichwa tu, mwanangu. Kuna asubuhi nyingine mtu haoni sababu ya kuinuka. Simu niliiweka hapa, kando ya mto. Nilijiambia, Kocha akipiga nitaamka, nitamwambia naumwa. Jumanne nikaisikiliza. Jumatano nikaisikiliza. Nikajua basi, wamenisahau. Jana nikainuka nifuate maji, nikaanguka. Binti yangu alipopiga, niliisikia ikiita, nikashindwa kuifikia."

Emerensiana alitamani achapwe, afukuzwe, lolote isipokuwa kuambiwa maneno yale kwa sauti ile ya upole.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe," alisema Mama Cresensia. "Leo nimechoka. Lakini nitakusamehe. Nenda kamwambie na Kocha, usimwachie shangazi yako aseme."

Alasiri ile ile Emerensiana alirudi jimu peke yake. Kocha Fredy alimsikiliza huku amesimama, mikono kifuani. Emerensiana alipomaliza, Kocha aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja na kuiweka kabatini.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Nilipenda namba nzuri, sikuuliza. Wiki nzima, nikifungua mlango asubuhi, sikusikia nyimbo za yule mama, wala sikujiuliza kwa nini." Kisha akamkabidhi kalamu nyekundu. "Kata kila mstari uliotunga. Usiuchane. Pembeni andika kwa nini umeukata. Halafu utampigia Mwalimu Elius huko Njombe, umwambie wewe mwenyewe."

Mwalimu Elius, msimamizi wa klabu, alisikiliza simu hadi mwisho. Alisema kwamba Emerensiana angeendelea na kazi, lakini ripoti yake ingekuwa na ukurasa unaoeleza siku zile, na angeusoma mbele ya klabu nzima. Kesho yake asubuhi Emerensiana aliwaomba radhi watu wake sita waliobaki. Mzee Hezekia alinyoosha mkono wake na kusema, "Haya, nipime. Na leo hesabu kweli." Wengine wawili hawakumjibu kitu siku ile. Aliwapima kimya kimya.

Tangu hapo hakuchelewa hata siku moja, ingawa baridi haikupungua. Kila alasiri alipita hospitali, na Mama Cresensia alipotoka, alipita kwake kumchotea maji. Lightness mwanzoni alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Baada ya siku tatu akamwekea kigoda.

Wiki ya nne, siku mbili kabla ya Emerensiana kurudi Njombe, Mama Cresensia aliingia jimu akitembea pole pole, ameshika bega la binti yake. Watu waliacha vyuma na baiskeli, wakampigia makofi. Aliketi kwenye benchi, akapumzika, kisha akanyoosha mkono.

Emerensiana alimshika kifundo cha mkono. Alipoteza hesabu, ikabidi aanze upya. "Tisini na sita," alisema. "Mawazo leo, mama?"

"Nane."

Emerensiana alisita. Nane ilikuwa karibu sana na ile tisa ya siku ya kwanza. Ingeiharibu ripoti yake yote. Mtu yeyote angesema kwamba mazoezi hayakumsaidia.

Mama Cresensia aliona kalamu imesimama. "Andika nane, mwanangu," alisema. "Unadhani namba hizo ni za kumfurahisha mwalimu wako? Ni mimi huyo humo ndani. Ukiniandika mzima nami ni mgonjwa, umenifungia mlango. Ukiandika kweli, hata ikiwa mbaya, kuna mtu atakuja kuugonga. Wewe unataka kuwa daktari?"

"Ndiyo, mama."

"Basi anza leo. Daktari anayeandika uongo ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu ugonjwa hautuambii kwamba tumepona."

Emerensiana aliinama juu ya daftari, akaandika nane kwa herufi kubwa zilizosomeka vizuri. Kisha akamsaidia Mama Cresensia kupanda baiskeli, akasimama karibu naye mpaka alipomaliza.