Robine ya Bibi Mathilde

Spès na mumewe Valéry walikaa Buterere, mahali mji unapokwisha na mashamba ya mpunga yanapoanza. Valéry alikuwa mlinzi wa benki moja huko Rohero, katikati ya mji. Spès aliuza ndagala, samaki wadogo wakavu, kwenye meza mbele ya nyumba. Walikuwa na mtoto mmoja, Orlane, mwenye miaka sita. Orlane alipenda kuzungumza. Wateja walisema mama anauza samaki na binti anauza maneno.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Nyumba ya jirani ilikuwa tupu. Mwenyewe, mjane aliyeitwa Bibi Mathilde, aliondoka na kifurushi kichwani siku ya risasi nyingi, hakurudi. Miezi saba ikapita. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemzika. Majirani wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini.

Uani kwa Bibi Mathilde kulikuwa na robine, bomba pekee la maji safi katika njia ile. Zamani kila mtu alichota pale. Tangu Bibi aondoke, hakuna aliyethubutu. Watu walisema ukinywa maji ya mtu aliyekufa bila kaburi, umekula naye, na siku moja atakuja kwako kudai chakula chake. Basi wakachota kwenye mfereji wa mpunga. Maji ya mfereji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Spès aliyaacha mpaka tope likashuka chini, kisha akayatumia bila kuyachemsha. Kwa macho, yalikuwa safi.

Jumatatu Orlane akaanza kuharisha. Jumanne akatapika. Spès alifanya kama mama yake alivyofanya zamani. Alimnyima maji, kwa kuwa aliamini maji yanaongeza kuhara. Alimnyima chakula pia. Alimpa soda tu, maana kwao mgonjwa hutembelewa na chupa ya soda. Orlane alimaliza chupa nzima, akaharisha zaidi.

Jumatano mji ukafungwa. Vijana waliweka mawe na magogo barabarani. Maduka hayakufunguliwa, magari hayakupita. Valéry alikwama kazini. Saa sita mchana jua lilikuwa utosini na mtaa mzima ulikuwa kimya. Hata jogoo hawakuwika. Mbwa mmoja alikuja mpaka kwenye lango la Bibi Mathilde, akatazama ndani kwa muda mrefu, akageuka akaenda zake.

Ndipo Orlane akafungua macho.

"Mama," alisema polepole, "Bibi Mathilde anatwanga."

Spès alimwambia anyamaze. Mtoto hakunyamaza. Alisema Bibi anatwanga unga, anataka kumpikia uji.

Spès akategea sikio. To. To. To. Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta, kama mchi ndani ya kinu, ya mtu asiye na haraka. Alifunga dirisha. Sauti haikukoma. Alimtazama mtoto: macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na alipolia, machozi hayakutoka. Spès alidhani anajua maana yake. Marehemu amekuja kumchukua Orlane.

"Akikupa uji, usikubali," alimnong'oneza. "Unasikia? Usikubali."

Mlango uligongwa. Spès akamvuta mtoto kifuani. Aliyeingia alikuwa Kaltum, muuguzi wa disipanseri, yaani zahanati, aliyekaa njia ya pili. Siku hiyo bariyeri, yale mawe na magogo, zilimzuia kwenda kazini, akaja kutafuta ndagala. Alipomwona mtoto, alisahau samaki. Aliifinya ngozi ya tumbo la Orlane kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, kisha ikarudi taratibu.

"Amekunywa nini tangu asubui?"

"Apana kitu, Dada. Jana alikunywa soda. Si anahara?"

"Basi maji yote ya mwili yametoka, na we hukurudisha hata kidogo. Mutoto huyu anaweza kufa leo, Mama Orlane."

Spès alinyoosha kidole ukutani. Kaltum akasogea, akasikiliza. To. To. To. Kisha Kaltum akachukua sufuria.

"Twende."

"Mi siendi."

"Basi nitaenda peke yangu. Nikiliwa, utamwambia mume wangu aoe haraka, yule hajui kupika."

Spès alimfuata. Lango lililia. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, na mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kama Bibi alivyouacha. Kaltum alisema Bismillahi, akatenga majani kwa mikono. Chini ya robine kulikuwa na kinu kikubwa, kimepinduliwa, kitako juu. Robine ilikuwa imelegea. Tone lilijaa, likaning'inia, likaanguka juu ya kitako cha kinu. To.

"Huyu ndiye Bibi yenu," alisema Kaltum. "Miezi saba maji safi yanamwagika hapa, na watoto wanakunywa ya mufereji."

Waliteka maji, wakarudi upesi. Kaltum alimwagiza Spès anawe mikono kwa sabuni. Kisha alipika huku akieleza. Konzi moja ya mchele ndani ya maji yanayozidi lita moja kidogo. Ichemke mpaka mchele uvurugike kabisa na maji yawe meupe, mazito kidogo. Kisha nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, si cha kilima.

"Onja. Isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, umwage, uanze tena."

Spès aliuliza kama hakuna mchele mtu afanye nini. Kaltum alimjibu kwamba achemshe lita moja ya maji, atie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Soda si dawa, alisema. Sukari yake nyingi huvuta maji kutoka mwilini na kuyapeleka tumboni.

Wakaanza. Kijiko kimoja, wakangoja, kijiko kingine. Orlane alitapika. Spès akataka kuacha, lakini Kaltum alikataa. Walingoja dakika kumi, wakaendelea polepole zaidi. Saa kumi mtoto alikojoa, na Kaltum alifurahi kuliko mtu aliyepewa zawadi. Jua lilipozama Orlane alilia, na safari hii machozi yalimtiririka.

Alhamisi asubuhi njia ilifunguliwa. Kaltum alisema lazima waende disipanseri hata kama mtoto anaonekana nafuu, na ikiwa kuna damu kwenye choo au mtoto hawezi kunywa, mtu asingoje hata saa moja. Walikwenda. Orlane alirudi akiwa mzima. Siku zilizofuata alikula uji mwepesi, ndizi mbivu zilizopondwa, na mchuzi wa ndagala wa meza ya mama yake.

Majirani waliposikia, wakarudi kwenye robine mmoja mmoja. Walikata majani. Valéry aliweka raba mpya ndani ya robine. Sauti ikakoma.

Wiki tatu baadaye, saa sita mchana, Spès alikuwa akiosha sahani.

"Mama," alisema Orlane, "anatwanga tena."

To. To. To. Robine ilikuwa imefungwa. Spès mwenyewe aliifunga asubuhi. Alikausha mikono. Akatoka, akasukuma lango.

Mwanamke alikuwa amekaa chini, amekonda, nguo zimejaa vumbi. Kinu kilikuwa mbele yake, na ndani yake kipande kimoja cha muhogo mkavu. Aliinua mchi kwa shida. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Nani amekata majani yangu?" aliuliza Bibi Mathilde.

Spès alikaribia. Aliushika mkono wake. Ulikuwa mkavu, lakini ulikuwa na joto.

"Nimehara njia nzima kutoka kambi ya wakimbizi," alisema Bibi. "Usinipe maji, mwanangu. Yataniua."

Spès alikumbuka maneno ya mtaa. Walikuwa wamekunywa maji yake, na sasa alikuwa amekuja kudai chakula chake.

"Apana, Bibi," alisema. "Utakunywa."

Alirudi kwake, akachemsha mchele. Alipima chumvi kwa kijiko, akasawazisha kwa kidole alichokiosha, akaonja. Kisha akaupeleka kwa Bibi, akakaa chini kando ya kinu, akampa kijiko cha kwanza, akangoja, akampa cha pili. Orlane alikuwa amemfuata, akihesabu vijiko.

"Chumvi yake kama machozi," alisema Bibi Mathilde.

"Isizidi hapo," alijibu Spès, akajaza kijiko kingine.