Kumtoa Sonara Kitwe

PAMBA IMELOWA. IANULIWE LEO.

Nyamizi aliisoma ile simu ya maandishi akiwa amesimama kaunta ya hoteli, akaichana vipande vipande. Kwa watu wa Kitwe, Zambia, alikuwa mnunuzi wa vipuri vya kiwanda cha pamba cha Shinyanga. Kwa Mzee Athanas, mkuu wake kule Shinyanga, alikuwa jasusi wa miaka arobaini na sita, mwenye magoti mabovu na likizo aliyoiomba mara tatu akanyimwa.

Maana ya simu: adui amejua Harish alipojificha. Mtoe.

Harish alikuwa sonara wa Shinyanga. Kwa miezi minane, Valerian, askari aliyefukuzwa kazi, alikuwa amemshikia bastola ayeyushe dhahabu ya magendo kutoka Geita. Harish alipotorokea Zambia kwa dada yake, Lataben, alikuwa anajua siku na mahali ndege ya kigeni ingetua kuubeba mzigo wote. Alikataa kuiandika siri hiyo. Angemwambia mtu ana kwa ana, basi.

Ilikuwa Desemba 1986. Bei ya unga ilikuwa imepanda na Kitwe ilikuwa inawaka kwa ghasia.

Nyamizi aliiacha Datsun yake hotelini. Siku kama ile gari ni mtego. Bastola yake, Walther, aliiacha chini ya kigae cha bafuni. Mgeni akikutwa na bastola katikati ya umati, hapati hata nafasi ya kujieleza. Alichukua pasipoti, chupa ya maji na khanga.

Alimkuta Harish peke yake nyuma ya duka la Lataben, amevaa suti na tai. Lataben alikuwa ameshahamia kwa jirani.

"Dada, ni leo," Harish alisema kabla hata ya salamu. "Saa kumi jioni. Uwanja wa zamani wa ndege, nyuma ya Segese, kule kwetu Shinyanga."

Ilikuwa tayari saa sita na nusu mchana.

"Vua tai," Nyamizi alisema. "Na saa. Tia mfukoni."

Nje, Peugeot 504 nyeupe ilifunga breki. Valerian.

Walitokea mlango wa nyuma, wakaangukia mikononi mwa maelfu ya watu. Nyimbo. Moshi wa matairi. Mbele, ghala la unga lilikuwa linavunjwa.

Harish alitaka kukimbia. Nyamizi alimkamata mkono.

"Ukikimbia, polisi watakuona mwizi na hawa watakuona mpelelezi. Tembea."

"Turudi nyuma!"

"Huwezi kushindana na mto, Bwana Harish. Tunakwenda nao, tunajivuta pembeni kidogo kidogo. Usimkodolee mtu macho."

Bomu la machozi lilipasuka. Nyamizi aliilowanisha khanga, akaichana, wakafunika pua. Jiwe lilitoka kusikojulikana, likampasua Harish juu ya jicho. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Bado mbali?"

"Bado kidogo." Hakuwa na hakika.

Nyuma yao honi ililia mfululizo. Valerian alikuwa anaipenyeza Peugeot katikati ya watu. Alimgonga mama mmoja, kisha akatoa bastola yake ya Browning dirishani.

Lilikuwa kosa lake la mwisho siku hiyo.

Umati uliiinua ile gari kama kitanda, ukaipindua.

Nyamizi hakugeuka. Alimvuta Harish uchochoroni, wakapita nyuma ya kanisa, hadi hospitali. Muuguzi alimlaza Harish akaanza kumshona.

"Simu zimegoma," muuguzi alisema. "Wafanyakazi wa mitambo wameacha laini yetu tu."

Nyamizi alinyanyua mkono wa simu. Sauti ya kike kutoka mitamboni, iliyochoka kama yake, ilijibu.

"Tumegoma. Ni mgonjwa?"

"Nina majeruhi. Wenzake wako Shinyanga, Tanzania. Wasipojua sasa hivi, itakuwa bure."

Waya ukaanza kukoroma, hadi Mzee Athanas akapokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pamba?"

"Imeanuliwa. Imechanika kidogo. Mzigo uko Segese, uwanja wa zamani. Saa kumi."

"Nimekusikia."

Alikaa kwenye benchi la mbao, viatu pembeni, akasikiliza risasi zikipungua. Harish alilala. Walipomleta Valerian kwa machela, mguu umevunjika, polisi wawili walikuwa wanamlinda tayari. Alimtazama Nyamizi bila kumtambua.

Saa kumi na moja na nusu simu ililia.

"Ndege tunayo," Mzee Athanas alisema. "Rubani, wanunuzi wawili, kilo tisini. Hakuna risasi iliyopigwa. Sasa sikiliza, kesho utavuka mpaka kwenda Lubumbashi, kuna—"

"Mzee, hii ni laini ya wagonjwa."

Nyamizi akakata simu.

Alivaa viatu, akamwandikia Harish jina la hoteli kwenye karatasi, akatoka. Barabara ilikuwa tupu, imejaa ndala zilizopoteza wenyewe. Alitembea kando ya ukuta, taratibu, mikono ikionekana, kwenda kulala.